Risasi Ikishapita, Nani Anashika Kipaza Sauti?

Jumamosi ya tarehe 10 Aprili 1993, siku moja kabla ya Pasaka, Chris Hani alitoka nyumbani kwake Dawn Park, mtaa wa Boksburg mashariki mwa Johannesburg, akaenda kununua gazeti. Walinzi wake alikuwa amewaruhusu wakale sikukuu na familia zao. Aliporudi na kushuka garini, mtu mmoja alimwita kwa jina. Akageuka, na risasi zikamwangusha palepale mbele ya nyumba, binti yake wa miaka 15 akiwa ndani. Jirani yao, mwanamke wa Kikaburu, aliona gari jekundu likiondoka, akashika namba zake na kupiga simu polisi. Muda mfupi baadaye Janusz Waluś, mhamiaji kutoka Poland, alikamatwa akiwa bado na bastola garini.

Hani alikuwa na miaka 50. Alikuwa Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti cha Afrika Kusini na aliwahi kuwa mkuu wa majeshi wa Umkhonto we Sizwe, tawi la kijeshi la ANC. Vijana wa vitongoji vya Waafrika walimpenda kupita kiasi. Baada ya Nelson Mandela, jina lililotajwa lilikuwa lake. Mazungumzo ya kuumaliza utawala wa ubaguzi yalikuwa yameanza upya, yakienda kwa kusuasua. Waluś na mwenzake Clive Derby-Lewis, mwanasiasa wa Chama cha Conservative aliyempa silaha, baadaye waliieleza Tume ya Ukweli na Maridhiano walichokuwa wakikitafuta: Waafrika wachachamae, nchi iwake, mazungumzo yavunjike, na Wazungu wenye siasa kali washike dola. Hani aliuawa ili yafuate mengine.

Mauaji ya kiongozi huacha saa chache ambazo hakuna sheria wala jeshi linaloweza kuzitawala. Watu wako barabarani, hasira iko juu, habari ni za kuokoteza. Atakayeshika kipaza sauti saa hizo anakuwa na nguvu ambayo hata mwenye cheo hana siku za kawaida. Ukizipanga hotuba za namna hiyo, njema na za kutisha, utakuta zinafanana kwa jambo moja. Zile zilizogeuza mwelekeo wa mambo ziliwaambia waombolezaji wafanye nini kesho yake asubuhi. Zilizowataka watulie tu, au zilizowakaripia, ama zilisahaulika au zilizaa msiba mwingine.

Neno la mwisho lilikuwa la Antony

Mfano mkongwe kuliko yote wasomaji wetu wanaufahamu kwa lugha yao wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere, akiwa Rais, aliitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu kuuawa kwa Julius Caesar. Ilichapishwa mwaka 1963, kisha akairekebisha na ikatoka upya 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Kati ya chapa hizo mbili Tanganyika ilipatwa na maasi ya jeshi ya Januari 1964. Na mwaka uleule wa chapa ya pili, tarehe 3 Februari, Eduardo Mondlane, Rais wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilichotumwa kama kifurushi. Kwa hiyo mtafsiri hakuwa akicheza na mambo ya kale. Alikuwa mkuu wa nchi changa anayepima, neno kwa neno, jinsi umati unavyogeuzwa juu ya maiti ya kiongozi.

Katika tamthilia ile Brutus, mmoja wa waliomuua Caesar, ndiye anayehutubia kwanza. Anajenga hoja: alimpenda marehemu, lakini aliipenda Roma zaidi. Umati unaridhika, hata wapo wanaotaka yeye ndiye awe Caesar mpya. Kisha anafanya kosa ambalo mwanasiasa yeyote wa mtaani asingelifanya. Anaondoka jukwaani na kumwachia Mark Antony neno la mwisho.

Antony anaanza kwa unyenyekevu. Anadai hakuja kumsifu marehemu. Anawataja wauaji kuwa ni watu wa heshima, anarudia, anarudia tena, mpaka heshima yenyewe inanuka. Anagusia wosia, kisha anakataa kuusoma, anaambiwa ausome. Analionyesha vazi la Caesar lenye matundu ya visu na kutaja kila tundu ni la nani. Watu wanapoanza kukimbia na mienge, bado anawaita warudi wasikie kilichoandikwa: kila mwananchi ameachiwa fedha, na bustani za kando ya mto Tiber ni zao.

Ukitafuta amri ya kuua au kuchoma ndani ya hotuba ile, hutaipata. Antony anawapa watu sababu, anawapa ghadhabu, anawaonyesha mlango, halafu anakaa pembeni kuona watapita wapi. Na ya historia yenyewe hayako mbali na ya jukwaani. Mwaka 44 kabla ya Kristo mwili wa Caesar ulichomwa na umati katikati ya Roma, na watu wakabeba vijinga vya moto kwenda kwenye nyumba za wauaji. Njiani walikutana na mshairi mmoja aliyeitwa Cinna. Kwa kuwa mmoja wa maadui wa Caesar naye aliitwa Cinna, walimuua mshairi yule kwa kosa la jina.

Shakespeare aliibakiza habari hiyo ya Cinna mara tu baada ya hotuba, na hapo ndipo penye funzo. Hotuba inayotoa hasira bila kuiwekea mpaka haichagui nani wa kufa.

Mzee asiye na cheo hewani

Siku Hani alipouawa, Mandela alikuwa kijijini kwake Qunu, Transkei. Rais F.W. de Klerk alikuwa mapumzikoni. Serikali ilikuwa na polisi, jeshi na televisheni, lakini haikuwa na mtu hata mmoja ambaye kijana wa Soweto angemsikiliza. Ikabidi SABC, chombo cha dola ambayo kwa miaka mingi ilimwita Mandela gaidi, impe nafasi ya kuzungumza na taifa. Alikuwa mzee wa miaka 74 asiye na cheo chochote serikalini, na alikuwa hajawahi kupiga kura maishani mwake.

Mandela hakuwa msemaji wa kusisimua. Alisoma kwenye karatasi, kwa kituo, kwa ile sauti yake kavu ya uwakili. Lakini alifanya jambo moja la maana sana mwanzoni kabisa: aliwaweka watu wawili bega kwa bega. Wa kwanza ni Mzungu aliyejaa chuki, aliyekuja nchini akatenda unyama ule. Wa pili ni mwanamke wa Kizungu, Mkaburu, aliyehatarisha maisha yake ili muuaji ajulikane na kufikishwa mbele ya sheria.

Hakuificha rangi ya muuaji. Angeificha, nani angemwamini? Watu walikuwa wamekwisha kuisikia mitaani. Ila aliitaja pamoja na rangi ya shahidi, na hapo hesabu ya "wao" na "sisi" ikagoma kufungika. Aliyetaka kulipiza kisasi kwa Wazungu wote ilimlazimu kwanza amweke mahali fulani mama yule wa Dawn Park.

Kisha akawaeleza watu kile ambacho wauaji walikuwa wakikingoja. Wapo, alisema, wanaoabudu vita na wenye kiu ya damu, wanaotaka nchi itumbukie kwenye yale yaliyoikuta Angola. Hasira, kwa maelezo yake, ilikuwa halali kabisa. Swali lilikuwa itamtumikia nani. Na jibu lake halikuwa la kimafumbo. Uchungu ule uelekezwe kwenye kupata serikali iliyochaguliwa na wananchi.

Nyuma ya maneno kulikuwa na ratiba. ANC na washirika wake, vyama vya wafanyakazi na Wakomunisti, waliitisha mgomo wa kutokwenda kazini Jumatano ya tarehe 14, pamoja na ibada na mikutano ya maombolezo nchi nzima. Mazishi yakapangwa Jumatatu ya tarehe 19. Yaani kijana aliyeamka akitaka kuchoma gari aliambiwa kuna mahali pengine pa kwenda, na saa yake inajulikana. Mamilioni waliitikia.

Isidhaniwe kwamba hotuba moja ilizima kila kitu. Maduka yaliporwa Cape Town, polisi waliwafyatulia waandamanaji risasi Soweto, na watu wengi walipoteza maisha katika siku zile. Mandela mwenyewe, akihutubia Soweto siku ya mgomo, alizomewa alipotaja salamu za rambirambi kutoka National Party, chama tawala cha Wazungu. Fikiria hilo: Mandela, Soweto, anazomewa. Katika mkusanyiko mwingine wa kumlilia Hani, Peter Mokaba, kiongozi wa Umoja wa Vijana wa ANC, aliongoza kaulimbiu ya kuua Makaburu, na waliompigia makofi hawakuwa wachache. Hotuba ya aina nyingine ilikuwepo, ilikuwa na wasemaji wake na ilikuwa na soko.

Kilichoipa nguvu hotuba ya Mandela ni kwamba ilimgharimu. Alikubali kuzomewa na watu wake kwa kutaja salamu za adui. Na alipokuwa akiwaomba wananchi wajizuie, upande wa pili aliibana serikali mezani ili kujizuia huko kulipwe kwa tarehe ya uchaguzi. Wapatanishi wakuu, Cyril Ramaphosa wa ANC na Roelf Meyer wa serikali, walirudi kwenye mazungumzo chini ya shinikizo ambalo halikuwepo mwezi Machi. Mapema Juni tarehe ikatajwa: 27 Aprili 1994. Siku hiyo Mandela alipiga kura yake ya kwanza.

Katika mazishi kwenye uwanja wa FNB, Askofu Mkuu Desmond Tutu aliufanya umati mzima uitikie kwa sauti kwamba watakuwa huru wote, weusi kwa weupe. Waliomzika mpiganaji wao walitoka uwanjani na sentensi waliyoitamka kwa vinywa vyao, na aliyeitamka kwa kinywa chake huona tabu zaidi kuikana kuliko aliyeisikia tu.

Kisumu: rais agombanapo na wafiwa

Miaka 24 kabla ya hapo, Kenya ilipita njia nyingine. Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alitoka katika duka la dawa barabara ya Government, leo Moi Avenue, katikati ya Nairobi, akapigwa risasi. Alikuwa Waziri wa Mipango na Maendeleo ya Uchumi, miaka 38, na kabla ya uhuru alikuwa amejenga jina lake kwenye vyama vya wafanyakazi na kwa mpango wa kuwapeleka wanafunzi kusoma Marekani kwa ndege. Aliyehukumiwa kwa mauaji hayo, Nahashon Isaac Njenga Njoroge, aliripotiwa kuuliza kwa nini hawamfuati mkubwa mwenyewe. Hakusema ni nani, na alinyongwa mwaka uleule.

Mboya hakuwa kipenzi cha kila Mjaluo alipokuwa hai. Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa mkutano wa chama tawala, KANU, wa Limuru mwaka 1966 uliomsukuma Jaramogi Oginga Odinga, Mjaluo mwenzake, nje ya chama, hata Odinga akaenda kuunda chama cha upinzani, KPU. Kifo kilifuta ugomvi huo kwa siku moja. Mjaluo ameuawa, mtuhumiwa ni Mkikuyu, Rais ni Mkikuyu: hivyo ndivyo watu walivyoisoma habari. Rais Jomo Kenyatta alipofika kwenye kanisa kuu la Holy Family kwa misa ya marehemu, gari lake lilirushiwa mawe na polisi wakafyatua mabomu ya machozi.

Salamu rasmi za rambirambi zilitolewa, lakini swali la waombolezaji lilikuwa moja tu: nani alimtuma muuaji? Miezi mitatu ikapita bila mtu wa ngazi ya juu kulijibu mbele ya watu. Tarehe 25 Oktoba Kenyatta akaenda Kisumu, mji wa Wajaluo, kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ambayo wenyeji mpaka leo wengi wanaiita Russia. Umati ulimpokea kwa kelele za KPU na za fahali, alama ya chama hicho. Odinga alikuwa jukwaani, mita chache kutoka kwa Rais.

Kenyatta alikuwa bingwa wa kuzungumza na umati kwa Kiswahili bila karatasi. Alijua kutania, kukatisha, kurudi, kumpiga mtu kijembe mpaka mwenyewe acheke. Siku ile kipaji chote hicho alikigeuza fimbo. Alimwambia Odinga mbele ya watu wake kwamba wao ni marafiki, lakini kama si urafiki angekwisha kumfunga. Waliokuwa wakipiga kelele aliwatukana, tena matusi ya mama, na akawaonya kuwa watasagwa kama unga. Ugomvi ukawa wa majibizano; Rais na vijana wakirushiana maneno kama watu wa rika moja.

Kisha risasi zikaanza. Walinzi walifyatua kwenye umati, na msafara ulipoondoka waliendelea kufyatua njiani. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11. Mashahidi na uchunguzi wa miaka ya baadaye walitaja idadi kubwa zaidi, wakiwemo watoto. Siku tano baadaye, tarehe 30 Oktoba, KPU ikapigwa marufuku. Odinga na viongozi wenzake walikuwa tayari kizuizini, na uchaguzi wa Desemba ukawa wa chama kimoja. Kenyatta hakukanyaga tena Kisumu mpaka alipofariki mwaka 1978.

Sitaki kusema hotuba ndiyo iliyovuta kifyatulio. Umati ulikuwa umepandwa na jazba, na hesabu za kisiasa zilikuwa zimepigwa muda mrefu kabla. Lakini tazama kilichokosekana. Watu walikuja na msiba, wakajibiwa kwa swali la nani mwenye nchi. Hakuna neno juu ya Mboya ambalo mwombolezaji angerudi nalo nyumbani, hakuna ahadi ya uchunguzi, hakuna jambo la kufanya kesho isipokuwa kunyamaza. Ulimi hauna mfupa, wahenga walisema. Siku ile ulikuwa na bunduki nyuma yake.

Delhi mara mbili

India ilipitia mtihani huu mara mbili, na majibu yake yanapingana. Jioni ya tarehe 30 Januari 1948, Mahatma Gandhi alipigwa risasi tatu New Delhi akielekea kwenye sala. Ilikuwa miezi michache tu baada ya mgawanyo wa India na Pakistan, na kama muuaji angekuwa Mwislamu mauaji mengine ya halaiki yangefuata usiku uleule. Viongozi walilijua hilo. Redio ya taifa ikatangaza haraka kwamba aliyeua ni Mhindu, naye Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru akazungumza redioni usiku huo bila karatasi. Alisema nuru imetoka katika maisha yao, akamwita muuaji mwendawazimu, na akawaambia watu kuwa kazi yao ni kuing'oa sumu ya chuki, lakini kwa njia ambayo Gandhi mwenyewe angeikubali. Bado watu wa jamii ya Kibrahmani, alikotoka muuaji Nathuram Godse, walishambuliwa katika maeneo ya magharibi mwa nchi. Ila moto mkubwa uliohofiwa haukuwaka.

Tarehe 31 Oktoba 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi, binti wa Nehru, aliuawa na walinzi wake wawili wa Kisingasinga. Siku zilizofuata Masingasinga 2,733 waliuawa Delhi peke yake, kwa hesabu ya serikali. Tarehe 19 Novemba mwanawe na mrithi wake, Rajiv Gandhi, alihutubia mkutano wa hadhara mjini humo na kusema kuwa mti mkubwa unapoanguka, ardhi hutikisika kidogo.

Ni sentensi nzuri, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inageuza mauaji yaliyofanywa na watu wenye mapanga na mafuta ya taa kuwa kitu cha asili kisicho na mtendaji. Mti hauna kesi, ardhi haina kesi. Iliwachukua Masingasinga miaka 21 kusikia Waziri Mkuu, Manmohan Singh, ambaye naye alikuwa Singasinga, akiomba radhi bungeni mwaka 2005.

Butare: hotuba iliyofika Arusha

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 Marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi walikuwa wakirejea kutoka mkutano wa viongozi wa kanda Dar es Salaam. Ndege yao ilitunguliwa ilipokaribia kutua Kigali. Mtu aliyepaswa kuzungumza na Wanyarwanda asubuhi yake alikuwepo: Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, Mhutu wa upinzani aliyeamini katika makubaliano ya amani ya Arusha. Alikusudia kwenda Redio Rwanda alfajiri kuwatuliza wananchi, na askari kumi wa Ubelgiji wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walitumwa kumsindikiza. Walinzi wa Rais walimuua asubuhi ya tarehe 7, na Wabelgiji wote kumi nao wakauawa.

Waliopanga mauaji ya kimbari ya Watutsi hawakuidharau hotuba, ndiyo maana waliizuia kwa risasi. Kiti cha urais wa muda kikachukuliwa na Spika wa Bunge, Théodore Sindikubwabo, daktari kwa taaluma na mzaliwa wa Butare.

Butare, mji wa chuo kikuu kusini mwa nchi, ulikuwa umekataa kwa sehemu kubwa kushiriki mauaji hayo. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, ambaye alikuwa Mtutsi pekee mwenye wadhifa huo nchini, aliwazuia wauaji kwa takribani wiki mbili huku mikoa mingine ikichinja. Serikali ya muda ilimfukuza kazi, na baadaye aliuawa. Tarehe 19 Aprili Sindikubwabo na Waziri Mkuu mpya Jean Kambanda walifika kumwapisha mrithi wake.

Rais alizungumza kwa upole wa mzee wa nyumbani. Hakutaja Watutsi. Hakutaja kuua. Aliwalaumu watu wa Butare kwa kukaa kama watazamaji, wanaosema mambo haya hayawahusu. Hao, alisema, wakae kando wawapishe wanaotaka kufanya kazi. Redio Rwanda iliirusha hotuba hiyo nchi nzima. Kila aliyesikiliza alijua kazi ni nini, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limetumika hivyo kwa majuma mawili. Siku ileile na siku zilizofuata mauaji yakatapakaa Butare.

Hapa ndipo Antony na Sindikubwabo wanapokutana, karne 20 kati yao: wote wawili walijua kuiacha amri isitamkwe. Tofauti ni kwamba wa pili, kwa neno ambalo kila mtu alilielewa, aliwaambia watu wafanye nini kesho. Yeye alifia uhamishoni Kongo bila kushtakiwa, lakini maneno yake hayakupona. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokaa Arusha mpaka mwisho wa 2015, iliichambua hotuba ya Butare kama ushahidi katika kesi za wenzake. Kambanda, aliyekuwa naye jukwaani, alikiri makosa na kufungwa maisha mwaka 1998. Mafumbo ya Kinyarwanda yalifasiriwa mbele ya majaji, na yakaonekana hayakuwa mafumbo kwa aliyeambiwa.

Na siku nane tu baada ya hotuba ya Butare, Waafrika Kusini walipanga foleni kwenda kupiga kura.

Kipimo ni baada ya makofi

Tumezoea kuzipima hotuba za msiba kwa machozi yanayotoka na sentensi zinazokumbukwa. Kwa kipimo hicho Rajiv Gandhi angeshinda, Antony angeshinda, na Kenyatta angepata alama nzuri kwa ufasaha. Mandela, na ile sauti yake kavu, angebaki nyuma.

Kipimo cha haki ni kazi ambayo hotuba inamwachia msikilizaji, na malipo ambayo msemaji yuko tayari kuyatoa mwenyewe. Butare watu waliachiwa kazi ya kuua. Kisumu waliachiwa kunyamaza, na siku tano baadaye walipoteza hata chama cha kusemea. Johannesburg waliachiwa mgomo, mazishi na madai ya kura. Na chini ya miezi miwili baada ya Hani kuanguka, madai hayo yakawa tarehe kwenye kalenda.

Kanda yetu imezika viongozi wengi waliouawa: Louis Rwagasore wa Burundi mwaka 1961, Pio Gama Pinto wa Kenya mwaka 1965, Abeid Amani Karume wa Zanzibar mwaka 1972, J.M. Kariuki wa Kenya mwaka 1975. Kila mara husimama mtu mwenye kipaza sauti akatuomba utulivu, na utulivu ni ombi la haki. Ila anayeuomba kutoka kwa wafiwa anakopa, na deni lake lina tarehe. Asipotaja nani atachunguza, ripoti itatoka lini na yeye mwenyewe ataachia nini ili haki ionekane, basi ameomba watu wakae kimya kwa manufaa yake. Wafiwa wana haki ya kumwuliza palepale, kabla hajashuka jukwaani: tukishatulia, halafu?